Treni ya Kuchezea Iliyopoteza Karatasi Yake

Bunia haina reli. Upande wetu wa Kongo, kituo kilichokuwa karibu zaidi ni Mungbere, mwisho wa njia ya Vicicongo iliyoanzia Aketi. Upande wa Uganda ni Pakwach, ambako reli ilifika mwaka 1964. Hata hivyo treni za kuchezea hutokea mjini mara mojamoja: ndani ya balo la vitu vikuukuu vya Ulaya, katika stoo ya misheni, kwenye begi la ndugu aliyerudi kutoka Ubelgiji. Aghalabu huja zimefunguliwa, skrubu ndani ya kopo la maziwa, reli zimefungwa kwa kamba, na ile karatasi ya kiwandani inayoonyesha kipi kinaingia wapi haipo.

Karatasi hiyo, mara nyingi, bado ipo duniani. Viwanda vya treni za kuchezea vilichapisha maelekezo kwa wingi, na watu wanaozikusanya treni hizo huyatunza kama hati ya shamba. Kinachokosekana ni jina la kuyaombea. Anayeandika kwenye simu "treni ya zamani ya kuchezea" ataletewa picha za wauzaji kutoka pande zote, na hakuna hata moja itakayomweleza springi yake inashikwa na pini gani. Kazi kubwa hufanyika mezani, simu ikiwa bado mfukoni: kuigeuza treni juu chini, kuifuta vumbi, kuisoma, kuipima. Ukishamaliza hapo, utafutaji wenyewe huwa mfupi.

Anza na maandishi. Futa kwa kitambaa kikavu, au chenye unyevu kidogo tu, na usisugue, kwa kuwa rangi iliyochapwa juu ya bati ikishatoka hairudi. Angalia tumboni mwa injini, chini ya mabehewa, kwenye ufunguo wa kujazia springi, hata ubavuni mwa reli. Hapa ndipo wengi hupotea, maana herufi zinazosomeka vizuri zaidi mara nyingi si jina la mtengenezaji. Kuna wanaokesha wakitafuta kiwanda kiitwacho DRGM. Hakijawahi kuwapo. Hizo ni herufi za Kijerumani zinazosema kwamba umbo la kitu lilisajiliwa na dola ya Ujerumani ya wakati ule, na utazikuta pia kwenye saa, mikasi na kamera. Ndivyo ilivyo S.G.D.G. kwenye vitu vya Ufaransa, na hapa aliyesoma Kifaransa shuleni ana bahati: breveté sans garantie du gouvernement, yaani hataza imetolewa, lakini serikali haidhamini kwamba kitu chenyewe kinafanya kazi. (Napenda ukweli wa maneno hayo. Bidhaa nyingi za siku hizi zingestahili kuyabeba.) Alama za namna hii hazikupi mtengenezaji, ila zinakupa nchi na kipindi. S.G.D.G. iliondolewa mwaka 1968. Kwa hiyo treni inayoibeba ilibuniwa kabla ya hapo. Ukikuta maneno "U.S. Zone" karibu na jina la Ujerumani, umeshika kitu cha miaka michache iliyofuata vita vya 1945, Wamarekani walipokuwa wakiitawala sehemu ya nchi ile.

Jina la mtengenezaji lenyewe linaweza kuwa herufi chache zilizosukwa pamoja. Gebrüder Märklin wa Göppingen walikuwa na G, M na C. Bing wa Nürnberg waliandika GBN, baadaye BW. JEP ilikuwa ya Paris. Hornby wa Liverpool na Lionel wa New York kwa kawaida waliandika jina lao zima, na hapo huna cha kukisia.

Kisha pima reli. Chukua rula ya mwanafunzi, pima nafasi kati ya nyuso za ndani za reli mbili za nje. Kama kuna reli ya tatu katikati, iache. Milimita 32 ni kipimo kiitwacho 0. Milimita 45 ni kipimo cha 1, cha treni kubwa za zamani. Milimita 16.5 ni H0, na Waingereza hutumia reli hiyohiyo kwa treni zao za 00. American Flyer ya baada ya vita ina 22.5, na kile kitreni kidogo cha milimita 9 ni cha kipimo cha N. Namba hii moja inakuondolea zaidi ya nusu ya karatasi ambazo zingekupotezea muda. Kama huna reli, pima kwenye magurudumu, ukijua kwamba utapata kipimo pungufu kidogo, kwa kuwa gurudumu lazima liwe na nafasi ya kucheza.

Namba ya katalogi ndiyo ufunguo wenyewe, na ndiyo yenye mitego. Kwa Lionel, namba iliyoandikwa ubavuni mwa injini mara nyingi ni namba ya katalogi pia. Kwa Märklin sivyo: ubavuni huandikwa namba ya injini halisi ya reli ya Ujerumani, ile iliyoigizwa, na ukiitafuta hiyo utapelekwa kwenye historia ya magarimoshi makubwa. Ile injini ndogo nyeusi ya Märklin ambayo watoto wengi wa Ulaya waliianzia ina namba inayoanza na 89 ubavuni, lakini katika katalogi iliitwa CM 800, na kuanzia 1957 ikaitwa 3000. Mchoro mmoja utakuja kwa jina la kwanza, mwingine kwa jina la pili. Ukijua moja tu, unaweza kukaa ukidhani karatasi imepotea. Na kuna viwanda vilivyotumia namba ileile mara mbili: Lionel walikuwa na namba 50 kwa injini kubwa ya umeme kabla ya vita, halafu baada ya vita wakakipa namba hiyohiyo kigari kidogo cha mafundi wa reli. Ndiyo maana kipimo cha reli kitangulie. Namba bila kipimo inaweza kukuletea karatasi ya kitu kingine kabisa, na ukajaribu kulazimisha.

Hornby wanastahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa sababu kwao swali la kuunganisha ndilo lililozaa treni zenyewe. Frank Hornby wa Liverpool alipata hataza mwaka 1901 kwa mchezo wa vyuma vyenye matundu, nati na bolti, ambao baadaye uliitwa Meccano. Mtoto alinunua vipande pamoja na kitabu cha michoro, akajenga winchi, daraja, gari. Kampuni ilipoanza kuuza treni mwaka 1920, treni za kwanza zilifuata fikra hiyohiyo: injini ya springi na mabehewa yake yalishikwa kwa nati na bolti, mtoto aweze kuyafungua yote na kuyarudisha. Kwa hiyo mwenye treni ya Hornby ya miaka hiyo ya mwanzo, akiikuta imetawanyika sandukuni, asidhani imeharibika. Pengine aliyekuwa nayo mara ya mwisho aliifungua tu, kama alivyoruhusiwa. Baadaye wakahamia kwenye bati linaloshikwa kwa vindimi vilivyokunjwa, njia rahisi kwa kiwanda na mbaya kwa fundi. Kindimi cha bati kina uhai wa kukunjwa mara chache. Ukikinyoosha na kukikunja kwa pupa kinakatika, na solda haitakirudishia nguvu yake.

Kiwanda cha Meccano cha Binns Road kilifungwa mwaka 1979. Kiwanda kikifa, karatasi zake hutawanyika, na wanaozikusanya tena ni wapenzi wa kitu hicho. Nchini Uingereza, wapenzi wa Hornby waliunda chama chao, Hornby Railway Collectors' Association, mwaka 1969. Marekani wapo Train Collectors Association tangu 1954, wenye jumba la makumbusho la treni za kuchezea mjini Strasburg, Pennsylvania, na maktaba ya katalogi na karatasi za viwanda. Vyama vya aina hii vina wanachama wazee ambao hujibu barua, tena kwa furaha, kama umeuliza vizuri. Märklin kwa upande wao wangali hai huko Göppingen, na kwenye tovuti yao ukiingiza namba ya katalogi unaweza kupata orodha ya vipuri pamoja na mchoro wa vipande vilivyotawanywa hewani, kila kimoja na namba yake. Kwa injini za zamani mno mchoro haupo hapo, na inabidi urudi kwa wakusanyaji.

Kuuliza vizuri maana yake ni nini? Ni kumpa mwenzako vyote ulivyopata mezani kabla hajakuomba: maandishi yote kama yalivyo, hata usiyoyaelewa, upana wa reli, reli ni mbili au tatu, ni ya springi au ya umeme, na picha za pande zote, tumbo likiwamo, zikiwa na rula pembeni. Usiandike "nina treni ya babu, naomba msaada". Barua ya namna hiyo hujibiwa kwa maswali, na kwa intaneti yetu kila swali na jibu ni siku nyingine. Tafuta pia kwa lugha ya mtengenezaji. Karatasi ya Kijerumani imewekwa na Mjerumani kwa maneno ya Kijerumani: Gebrauchsanweisung ni maelekezo ya matumizi, Ersatzteilliste ni orodha ya vipuri, Explosionszeichnung ni ule mchoro wa vipande vilivyotawanywa. Kwa Kifaransa, huo mchoro ni vue éclatée, na maelekezo ya kuunganisha ni notice de montage. Mkaazi wa Bunia anayeandika maneno haya mawili ya Kifaransa yuko mbele ya wapenzi wengi wa Marekani wasiojua kwamba JEP na Hornby ya Ufaransa zina karatasi zao.

Jambo dogo linaloudhi: ukitumiwa ukurasa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, simu huubana, na namba ndogondogo za kwenye mchoro hugeuka ukungu. Mwombe mtu autume kama faili la hati. Utakula megabaiti zaidi, lakini utaisoma namba 17 kama 17, usiidhanie 11. Na usinunue karatasi halisi ya zamani kwa bei ya mkusanyaji isipokuwa wewe mwenyewe ni mkusanyaji. Kwako yanatakiwa maneno na mchoro, na nakala inatosha.

Sasa umeme, maana hapa kosa linaweza kuchoma nyumba. Usichomeke chochote kabla hujajua treni yako inakula umeme gani. Treni za Lionel na za Märklin za zamani hutumia umeme mgeuko kupitia transfoma. Hornby Dublo, iliyotoka mwaka 1938, ilikuwa na reli tatu kama hizo, lakini yenyewe inataka umeme mnyoofu wa volti 12. Mota yake ina sumaku ya kudumu, na ukiipa umeme mgeuko itanguruma mahali pamoja, ipate joto, na sumaku idhoofike. Kwa hiyo kuwapo kwa reli ya tatu hakukuambii lolote kuhusu umeme, ingawa hata mafundi wazoefu huamini kwamba kunakuambia. Transfoma ya Lionel iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani inataka volti 115 hivi na herzi 60. Kwenye umeme wetu wa volti 220 itaungua kabla hujairudisha swichi. Ukiipitisha kwanza kwenye transfoma ya kushusha, bado herzi zetu 50 zitaipasha moto zaidi ya ilivyokusudiwa. Transfoma yoyote ya zamani ambayo waya wake una mpira uliopasuka, ichukulie kama pambo la kabati.

Kwa treni ya volti 12 ya umeme mnyoofu, sisi tunaotegemea sola tunayo njia ambayo karatasi ya kiwandani haikuiwaza. Betri ya sola ni volti 12. Tatizo lake ni nguvu nyingi kupita kiasi: treni ikianguka nje ya reli, magurudumu huunganisha reli mbili, na betri humwaga mkondo mpaka waya unawaka. Weka balbu ya indiketa ya gari, ya volti 12 na wati 21, katikati ya waya mmoja, pamoja na fyuzi ndogo. Treni ikitembea vizuri balbu hufifia au haiwaki kabisa. Treni ikianguka, balbu huwaka na mkondo hauzidi ampea 1.75 hivi. Balbu inakuwa kinga na taa ya hatari kwa wakati mmoja. Ondoa kwanza paneli, maana betri inayochajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi.

Treni za springi hazina hofu ya umeme, ila zina springi. Kabla ya kufungua bati lolote hakikisha springi imelegea yote: shika ufunguo kwa nguvu, nyanyua kizuizi kinachoingia kwenye meno, uache ufunguo uzunguke kidogokidogo mkononi mwako. Springi iliyojaa ikiruka hukata ngozi vibaya. Mafuta yawe ya cherehani, tone moja kwenye kila ekseli. Oili ya injini ya pikipiki hugeuka gundi ikishachanganyika na vumbi letu jekundu.

Ipo hali ambayo karatasi haitasaidia hata ukiipata. Sehemu za kumiminwa za treni za kabla ya vita, hasa magurudumu, zilitengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki. Kampuni ya New Jersey Zinc ilitoa mchanganyiko safi uitwao Zamak mwaka 1929, lakini viwanda vingi viliendelea kuyeyusha zinki iliyoingiwa na risasi kidogo, na risasi hiyo huila zinki kutoka ndani kwa miaka mingi. Gurudumu huvimba, huota nyufa nyembamba, halafu humomonyoka kwa kidole. Usilifunge kwa waya wala kulipaka gundi. Piga picha, pima kipenyo, tafuta la kubadilisha, au mpe fundi wa kukereza akutengenezee la shaba.

Na pale karatasi inapokosekana kabisa, unaiandika mwenyewe kadiri unavyofungua. Chukua kipande cha kartoni, chora umbo la injini, na kila skrubu inayotoka ichomeke kwenye kartoni mahali ilipotoka. Skrubu mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana kwa milimita moja, na ile ndefu ikiingia mahali pa fupi hugusa mota na kuleta shoti. Piga picha kabla ya kila hatua, si baada yake. Kama ulipokea treni ikiwa imeshafunguliwa, soma kutu: mahali palipokuwa pamefunikwa na kipande kingine rangi huwa mpya, na duara safi kuzunguka tundu huonyesha ukubwa wa kichwa cha skrubu kilichokaa hapo. Mikwaruzo nayo huonyesha gia ilipozungukia. Kwa cherehani ya zamani au redio kubwa ya lampu utaratibu ni uleule, na huko ndiko utakakoutumia zaidi hapa kwetu.

Nimeanza na Vicicongo kwa sababu. Kampuni hiyo, iliyoundwa mwaka 1924, ilijenga reli nyembamba za milimita 600 kutoka Aketi kupitia Buta na Paulis, ambayo leo ni Isiro, hadi Mungbere. Mwenye reli kuukuu za kipimo cha 0 nyumbani, zile za milimita 32, anaweza kuziigizia Vicicongo kwa kuchagua uwiano wa moja kwa kumi na tisa. Milimita 32 ukizizidisha mara 19 unapata 608, na hizo milimita nane za ziada hakuna jicho litakaloziona. Waingereza wanaopenda reli nyembamba hutumia uwiano huohuo kwenye reli hizohizo za 32, kwa hiyo magurudumu na mota za kufaa zinauzwa. Behewa la mizigo lenye urefu wa mita 6 litakuwa na sentimita 31.6 mezani, na mbao za boksi la chai zinatosha kulijenga. Atafute kwanza mzee wa Isiro au Mungbere aliyefanya kazi relini, amuulize milango ya mabehewa ilifunguka upande gani na breki ilikuwa wapi, kabla hajakata ubao wa kwanza.